Gavana Aliyetoa Sababu

Kila ifikapo sikukuu kubwa ya taifa, hapa Tanzania na kwa jirani zetu Kenya, huwa tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba rais ametumia madaraka aliyopewa na katiba kuwasamehe wafungwa. Idadi inatajwa, masharti yanatajwa, msomaji anaingia habari inayofuata. Ni nadra sana kumsikia kiongozi akiketi na kueleza kwa maandishi: fulani na fulani nawafungulia kwa sababu mahakama iliwaonea, na ushahidi wangu ni huu. Leo nataka nimzungumzie mtu mmoja aliyefanya hivyo akijua gharama yake, na gharama hiyo akailipa mpaka senti ya mwisho. Jina lake ni John Peter Altgeld. Alikuwa gavana wa jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia Januari 1893 hadi Januari 1897.

Altgeld hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1847 katika kijiji cha Niederselters, Ujerumani, na wazazi wake wakavuka naye bahari akiwa bado mtoto wa kubebwa. Walikwenda kuishi Ohio. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi na mkulima, mtu mgumu ambaye hakuona mtoto wa shamba anahitaji shule ya nini. Mwaka 1864, akiwa na miaka 16, kijana akajiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akapelekwa Virginia, na huko akapata homa iliyomwandama maisha yake yote. Aliporudi akasoma kwa kuungaunga, akafundisha shule ya kijijini, akampenda msichana aliyeitwa Emma Ford. Baba wa msichana hakutaka kusikia habari za mkwe asiye na kitu.

Basi Altgeld akashika njia kuelekea magharibi, sehemu kubwa kwa miguu. Alifanya kazi ya vibarua kwenye ujenzi wa reli huko Arkansas, homa ikamrudia, na alipofika mji mdogo wa Savannah katika jimbo la Missouri alikuwa hoi. Wenyeji wakampokea. Hapo ndipo alipojifunza sheria ofisini kwa mawakili, kama wengi walivyofanya zama zile, na mwaka 1874 akachaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa wilaya. Mwaka uliofuata akaacha yote akaenda Chicago, mji ambao hakuwa na ndugu wala jamaa.

Chicago ya wakati huo ilikuwa inajengwa upya baada ya moto mkubwa wa 1871. Aliyekuwa na jicho la kutambua ardhi itakayopanda bei alitajirika haraka, na Altgeld alikuwa nalo. Alimwoa Emma mwaka 1877, alipokuwa bado anaanza kujipatia jina. Alinunua viwanja, akajenga, akauza, akanunua tena. Baadaye akajenga jumba la ghorofa 16 katikati ya mji, akaliita Unity, na alilipenda jumba lile kuliko mali yake yoyote nyingine.

Tajiri wa namna hiyo angeweza kukaa kimya. Lakini mwaka 1884 alichapisha kitabu kidogo kuhusu magereza na watu wanaoishia humo. Alieleza kwamba polisi walikuwa wakikamata maelfu ya maskini kwa makosa madogo au bila kosa lolote, wakiwatupa rumande pamoja na wahalifu sugu, wakiwatoza faini wasizoweza kulipa, kisha jamii inashangaa wezi wanatoka wapi. Kijana mmoja wakili wa mji mdogo wa Ohio alikisoma kitabu hicho, akahamia Chicago, na akamtafuta mwandishi wake. Kijana huyo alikuwa Clarence Darrow, ambaye baadaye alikuja kuwa wakili wa utetezi maarufu kuliko wote Marekani. Urafiki wao ulidumu mpaka kifo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, na hili linatugusa sisi moja kwa moja, kwa sababu kila tarehe 1 Mei tunapoandamana na mabango yetu, tunakumbuka yaliyotokea Chicago mwaka 1886.

Tarehe 1 Mei mwaka huo wafanyakazi kote Marekani waligoma kudai siku ya kazi iwe saa nane. Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu cha mgomo. Tarehe 3 polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi karibu na kiwanda cha mashine za kilimo cha McCormick, watu wakafa. Usiku wa tarehe 4 ukaitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo, karibu na uwanja wa soko uitwao Haymarket. Meya wa mji, Carter Harrison, alikwenda mwenyewe kusikiliza, akaona watu wametulia, akamwambia ofisa wa polisi kwamba hakuna haja ya kuingilia, akaenda zake. Mvua ikaanza kunyesha, umati ukapungua. Mzungumzaji wa mwisho, Samuel Fielden, alikuwa anakaribia kumaliza hotuba yake juu ya mkokoteni pale kikosi kikubwa cha polisi kilipotokea chini ya uongozi wa John Bonfield na kuamuru watu watawanyike. Mtu akarusha bomu. Polisi wakaanza kufyatua risasi gizani. Polisi saba walikufa, na raia pia.

Aliyerusha bomu hajulikani hadi leo. Watu wanane walishtakiwa kwa mauaji, wote wakiwa waanakisti, yaani watu walioamini kwamba jamii inaweza kuishi bila dola. Wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba yeyote kati yao alilirusha, na wengine hawakuwepo kabisa uwanjani. Walishtakiwa kwa yale waliyoyasema na kuyaandika magazetini, na kwa hoja kwamba maneno yao yalimchochea mrushaji, huyo huyo asiyejulikana. Jaji Joseph Gary aliiruhusu hoja hiyo. Saba wakahukumiwa kunyongwa. Wa nane, Oscar Neebe, akapewa miaka 15, ingawa ushahidi dhidi yake ulikuwa kitu cha kusikitisha: alikuwa na hisa ya dola 2 katika gazeti la wafanyakazi la lugha ya Kijerumani. Tarehe 11 Novemba 1887 wanne walinyongwa: August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer na George Engel. Louis Lingg alikuwa amejiua selo siku moja kabla. Fielden na Michael Schwab walipunguziwa adhabu na gavana wa wakati huo, wakapelekwa kutumikia kifungo cha maisha katika gereza la Joliet.

Altgeld alikuwa wapi? Alikuwa Chicago hapo hapo, akigombea ujaji, na mwishoni mwa 1886 akaupata. Hakusimama hadharani kuwatetea. Nalisema hili kwa sababu watu wanaompenda hupenda kulipita. Kama alikuwa na lake moyoni, alilifungia humo kwa miaka sita.

Mwaka 1892 chama cha Democratic kikamsimamisha kugombea ugavana, akashinda. Alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa nchi ya kigeni kushika kiti hicho Illinois. Siku ya kuapishwa, Januari 1893, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakuweza kuimaliza hotuba yake, ikabidi karani amsomee. Mara moja watu wakaanza kumwendea kuhusu wafungwa watatu waliobaki Joliet. Wengi wao walikuwa watu wa heshima, wafanyabiashara na mawakili ambao baada ya hofu ya 1886 kupoa walihisi kwamba inatosha. Darrow alikuwa anamhimiza kila mara. Kwa maelezo ya Darrow mwenyewe, Altgeld alimjibu kwamba atalisoma jalada la kesi kwanza, na kwamba akifikia uamuzi wa kuwaachia, tangu siku hiyo atakuwa mfu kisiasa.

Wasikilizaji, naomba mtulie hapa kidogo. Njia nyepesi ilikuwepo na ilikuwa wazi. Wengi waliomwombea msamaha walikuwa wanaomba huruma: wafungwa hawa wamekaa vya kutosha, waachie warudi kwa watoto wao. Altgeld angeandika mistari mitatu ya huruma, magazeti yangenung'unika wiki moja, na maisha yangeendelea. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba kama watu hawa walipata kesi ya haki na hatia yao ikathibitishwa, basi gavana hana sababu ya kuingilia, na wabaki ndani. Lakini kama kesi haikuwa ya haki, basi huruma haina nafasi hapa, kwa sababu mtu aliyeonewa haombi huruma. Anadai chake.

Akaingia kwenye jalada. Tarehe 26 Juni 1893 akatia saini hati za kuwaachia Fielden, Neebe na Schwab huru kabisa, na pamoja nazo akatoa waraka mrefu wa sababu zake. Alionyesha kwamba jopo la raia 12 waliosikiliza kesi halikupatikana kwa bahati nasibu kama desturi ilivyotaka. Karani maalumu aliachiwa kuwaokota watu mwenyewe. Alionyesha kwamba waliokiri waziwazi kuwa na chuki dhidi ya washtakiwa waliruhusiwa na jaji kukaa kwenye jopo. Alionyesha kwamba bila kumjua mrushaji haikuwezekana kuthibitisha kwamba alisikia au alisoma neno lolote la washtakiwa. Akaongeza kwamba polisi wa Bonfield walikuwa wamewapiga na kuwaua wafanyakazi miaka kadhaa bila kuadhibiwa, na kwamba huenda bomu lilirushwa na mtu aliyekuwa analipiza kisasi chake mwenyewe. Kuhusu Jaji Gary aliandika kwa ukali mkubwa. Kwa maoni yangu kurasa zile dhidi ya jaji zingeweza kuandikwa kwa kalamu iliyopoa zaidi, na adui zake walizitumia vizuri sana kudai kwamba alisukumwa na kinyongo. Lakini yale ya jopo na ya ushahidi hawakuyajibu.

Aliyekabidhiwa kazi ya kupeleka hati Joliet alikuwa mwenye benki wa Chicago, E. S. Dreyer, mtu ambaye mwaka 1886 alikuwa kwenye jopo lililowafungulia mashtaka watu wale wale, na ambaye dhamiri haikumpa usingizi tangu hapo. Waliokuwepo ofisini walisimulia kwamba alipokabidhiwa karatasi zile alishindwa kuyazuia machozi.

Kesho yake dhoruba ikaanza. Magazeti ya Chicago na New York yalimwita mwanakisti, adui wa sheria, mgeni asiyefikiri kama Mmarekani. Alichorwa katuni akiwa na bomu mkononi. Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi, alimshambulia jukwaani. Na kitu kinachoniuma ni hiki: wengi waliomlaani walikuwa tayari kukubali wafungwa watoke. Walichokasirikia ni sababu. Wangekubali msamaha unaowaacha wao wakiwa wema na mahakama ikiwa safi. Altgeld aliwaambia kwamba mji wao uliwanyonga watu wanne kwa kesi mbovu, na hilo hawakumsamehe.

Alikuwa amepata onyo la namna ya mji unaochukua sheria mkononi wiki chache tu kabla ya kutoa waraka ule. Mwanzoni mwa Juni 1893, katika mji wa Decatur, umati ulimtoa jela mtu mweusi aliyeitwa Samuel Bush na kumnyonga barabarani. Altgeld alitoa tamko kali la kulaani na kutangaza zawadi kwa atakayewezesha waliohusika kukamatwa. Magavana wengi wa zama zile walinyamaza katika mambo kama hayo.

Kazi zake nyingine nazipitia haraka, ingawa kila moja ingestahili kipindi chake. Alisaini sheria ya viwanda ya 1893 iliyokataza kuajiri viwandani watoto wa chini ya miaka 14 na kuweka saa nane kuwa mwisho wa kazi ya wanawake kwa siku. Ili isibaki ya kwenye karatasi, alimteua mwanamke, Florence Kelley, kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo. Mama huyo na wakaguzi wake waliingia vyumba vya ushonaji vya Chicago ambamo watoto walikuwa wakivuta nyuzi usiku wa manane. Kifungu cha saa nane kilitupwa na mahakama kuu ya jimbo mwaka 1895. Altgeld pia alikijenga Chuo Kikuu cha Illinois kutoka udogo hadi kuwa taasisi ya kuheshimiwa. Jengo moja pale bado lina jina lake.

Halafu kulikuwa na Charles Yerkes, tajiri wa tramu za Chicago, aliyepitisha bungeni miswada ya kumpa umiliki wa barabara za mji kwa miaka mingi mno. Inasimuliwa kwamba gavana aliahidiwa nusu milioni ya dola akitia saini. Wakati huo Altgeld alikuwa na madeni ya jumba lake la Unity, na uchumi wa nchi ulikuwa umeanguka. Aliipiga miswada kura ya turufu mwaka 1895.

Lakini pigano lake kubwa la pili lilikuwa dhidi ya rais wa chama chake mwenyewe. Kusini mwa Chicago, George Pullman alikuwa na kiwanda cha mabehewa ya kulala, na mji mzima ambamo wafanyakazi wake walipanga nyumba zake. Mdororo wa 1893 ulipofika, alikata mishahara, lakini kodi ya nyumba hakuigusa. Mei 1894 wakagoma. Mwishoni mwa Juni chama cha wafanyakazi wa reli chini ya Eugene Debs kikaamua kutoendesha treni yoyote yenye behewa la Pullman, na reli za nusu ya nchi zikasimama. Mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani, Richard Olney, aliyekuwa wakili wa makampuni ya reli, akapata zuio la mahakama, na Rais Grover Cleveland akatuma wanajeshi. Waliingia Chicago tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wao. Gavana hakuomba. Hakuulizwa.

Altgeld alimpelekea Cleveland simu ya maandishi ndefu siku iliyofuata. Alimkumbusha kwamba katiba inaruhusu serikali kuu kuingia jimboni kuzuia ghasia pale bunge la jimbo au gavana anapoomba, kwamba Illinois ina wanamgambo wa kutosha, na kwamba treni nyingine zimesimama kwa kukosa watu wa kuziendesha tu. Cleveland akajibu kwa mistari michache kwamba yuko ndani ya sheria. Ghasia zenyewe zilikua baada ya wanajeshi kufika. Mabehewa yakachomwa, na meya alipoomba msaada Altgeld akapeleka wanamgambo wake, na nao wakaua watu. Mgomo ukavunjwa, Debs akafungwa miezi sita. Hapa niongeze jambo moja. Tarehe 28 Juni 1894, siku chache kabla ya kutuma jeshi, Cleveland huyo huyo alitia saini sheria ya kuifanya siku moja ya Septemba kuwa sikukuu ya wafanyakazi. Ndiyo maana hadi leo Marekani, nchi ilikoanzia Mei Mosi, haina mapumziko ya Mei Mosi.

Agosti mwaka huo Altgeld alikwenda mwenyewe katika mji wa Pullman, akapita nyumba kwa nyumba. Akakuta familia zina njaa. Akamwandikia Pullman kumtaka awasaidie watu waliomtajirisha. Alipokataa, gavana akaomba wananchi wa Illinois wachange chakula, nao wakachanga.

Mwaka 1896 chama cha Democratic kilikutana Chicago kuchagua mgombea urais. Altgeld alikuwa miongoni mwa wenye nguvu kuliko wote ukumbini. Siasa za Cleveland zikakataliwa, na ilani ya chama ikalaani utawala wa kutumia mazuio ya mahakama dhidi ya wafanyakazi. Wako waliosema angefaa urais mwenyewe, ila katiba haimruhusu aliyezaliwa nje. Mgombea akawa William Jennings Bryan, akashindwa, na Altgeld naye akashindwa Illinois na John Tanner. Kwa desturi, gavana anayeondoka hutoa maneno ya kuaga siku mwenzake anapoapishwa. Altgeld alinyimwa hata hilo.

Akarudi Chicago akiwa amefilisika. Unity ikaenda kwa wadai. Darrow akamkaribisha kwenye ofisi yake ya uwakili, akafanya kazi akiwa mgonjwa. Jioni ya tarehe 11 Machi 1902 alikuwa akihutubia mkutano wa kuwatetea Makaburu waliokuwa wanapigana na Uingereza kule Afrika Kusini. Alikuwa ameona himaya kubwa ikikanyaga taifa dogo, na damu yake haikustahimili. Sisi Waafrika tunajua kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya Mwingereza na kabla ya Kaburu, na kwamba weusi nao walifungiwa na kufa kwenye kambi za Waingereza katika vita ile. Watu wengi wa Marekani waliowatetea Makaburu hawakufika kwenye swali hilo. Altgeld alimaliza hotuba, akaanguka, na kesho yake akafariki, na umri wake miaka 54. Mji aliofia ni Joliet.

Mwili wake uliwekwa katika maktaba ya umma ya Chicago, na watu kwa maelfu wakapita kuuaga, wengi wakiwa wamevaa nguo za kazi. Clarence Darrow na Jane Addams walizungumza mazikoni.

Mimi hukumu yangu ni hii. Illinois imepata magavana waliokaa muda mrefu kuliko Altgeld, waliopendwa kuliko yeye na waliokufa matajiri. Hakuna hata mmoja katika karne ile aliyefanya jambo kubwa kuliko kusoma jalada la kesi lililokwisha kufungwa, kisha kuandika kwa jina lake mwenyewe kwamba serikali ilikosea. Fielden alikwenda kulima na kufuga Colorado, na akaishi huru hadi 1922.